Chungu Kilichooshwa Kikatakata

Ninh Binh, 14 Septemba 2016

Diep mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, Thoan, mwenye nyumba mliyolala wewe na baba yako wiki iliyopita. Natumai mmefika Saigon salama na mzee hakuchoshwa sana na garimoshi. Nisamehe sikuwepo kuwaaga. Binti yangu alijifungua kabla ya siku zake kule Nam Dinh, nikatoka mbio na ndala za bustanini miguuni, ndiyo maana ufunguo mkamwachia jirani yangu Ngoan. Ni mtoto wa kike, mzima wa afya, na akilia hata majogoo yananyamaza kumsikiliza.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kofia ya sufu ya baba yako. Ilibaki kwenye kamba ya nguo.

Nimerudi juzi. Nilipofungua mlango nilidhani nimekosea nyumba. Sakafu inateleza kwa usafi. Mashuka yamefuliwa, yamekaushwa na kupigwa pasi (tangu lini wageni wakapiga pasi?). Sufuria zimesuguliwa mpaka matako. Vioo vya madirisha ndio usiseme, leo asubuhi shomoro amejigonga hapo akaondoka anayumba. Miaka minne napokea wageni katika nyumba hii, na wengi wao waliniachia mifupa ya kuku chini ya kitanda. Wewe umeniachia nyumba kama inayomsubiri bibi harusi. Ahsante sana, mwanangu. Naandika neno hilo kwa moyo wangu wote.

Binti yangu anasema ningekutumia ujumbe wa simu. Lakini simu inanifanya niandike kwa ufupi kama mtu mwenye hasira, nami sina hasira.

Kuna kijambo kimoja tu. Kile chungu kidogo cha udongo kilichokuwa kwenye rafu ya jikoni, karibu na dirisha, nimekikuta uani kimeinamishwa juani, kinang'aa. Ahsante kwa hicho pia. Nilitaka kuuliza, bila haraka, kama kilichokuwemo mlikihifadhi mahali. Kama hamkukihifadhi, si neno.

Msalimie sana mzee.

Shangazi yako,
Thoan


Saigon, 22 Septemba 2016

Shangazi Thoan,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Kofia imefika, na baba ameivaa tangu jana ingawa huku jua linachoma kama pasi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale kwenye chungu nashikwa na aibu. Wewe ni mtu mzima, shangazi, umeuliza kwa upole ili nisiumbuke. Basi acha niseme yote mwenyewe.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, baba alilala akajikojolea. Si kidogo. Godoro lako lile zuri, la chumba cha mashariki. Nililitoa nje nikaliosha kwa sabuni na siki, nikalianika, nikaligeuza. Kama umenusa kitu, basi pua yako haikukudanganya. Sasa nilipoanza kuosha nikashindwa kuacha. Mimi kazi yangu ni dobi, nina duka la kufulia hapa mtaa wa nyuma ya soko, na mikono yangu nikiogopa inatafuta sabuni yenyewe. Na pale ukutani kuna lile tangazo lako lenye herufi nyekundu: MGENI MPENDWA, IACHE NYUMBA SAFI KULIKO ULIVYOIKUTA. Nilikuwa naliona kama linanitazama mimi peke yangu.

Na chungu nacho ni kazi ya baba. Siku hizi akili yake inakwenda na kurudi. Kila alasiri alikuwa anachukua wali uliobaki, anauficha kwenye kile chungu chako, anafunika na kitambaa, kisha anatoka jikoni na uso wa mtoto aliyeiba sukari. Nilipokuja kufungua, wali umeoza, umekuwa uji mweupe, unanuka uchachu, na una vidudu vyeupe vidogo vidogo vinavyotembea! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaumwaga kwenye mizizi ya migomba nyuma ya nyumba, nikakisugua chungu kwa mchanga, kisha nikakimiminia maji ya moto mara nyingi.

Kwa hiyo, shangazi, ukiuliza kilichokuwemo, ndicho hicho. Nisamehe. Nakuomba usimwambie mtu. Kaka yangu alishasema mzee asisafirishwe tena, na akisikia habari ya godoro atakuwa amepata la kusema. Baba alitamani kuiona Kaskazini kwa mara ya mwisho, na pale kwako alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu mama afariki. Kwa hilo nitakushukuru mpaka nife.

Mwanao,
Diep


Ninh Binh, 30 Septemba 2016

Diep mwanangu,

Godoro kwanza, tulimalize. Sikunusa kitu. Na hata ningenusa, godoro lile mume wangu marehemu, Huu, aliliugulia mwaka wake wote wa mwisho. Lilishaona makubwa kuliko mkojo wa mzee mmoja mwenye furaha. Baba yako asione haya, na wewe usione haya kwa niaba yake. Kaka yako hatasikia neno kutoka kwangu.

Sasa chungu. Nilidhamiria nisikuambie. Nimekaa na barua yako siku tatu nikijisemea, Thoan, nyamaza, mtoto wa watu alikuwa anakusaidia. Lakini umeniandikia ukweli wako wa chumbani, na mimi nikikupa maneno ya sebuleni nitakuwa sijakutendea haki.

Baba yako hakukosea. Alikuwa anailisha. Ile ni chachu, mwanangu, chachu ya wali. Inaishi kwenye chungu na inakula wali wa baridi kila siku kama ng'ombe anavyokula majani, na vile vidudu vyeupe ndio wenyewe, ndio uhai wake. Ukiviona vinatembea unafurahi. Mama mkwe wangu alinikabidhi siku niliyoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi. Aliniambia, "Mume ukisahau kumlisha atapiga kelele. Hiki hakipigi kelele, kinakufa tu." Nimekilisha miaka thelathini na zaidi. Nilipokiona kinang'aa pale uani nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikalia kama mtoto.

Ngoan alinisikia kutoka kwake, akaja na ufagio mkononi akidhani nyoka. Nikamweleza. Unadhani alinionea huruma?

"Si uliandika mwenyewe ukutani? Safi kuliko ulivyoikuta! Umeomba mvua, umeletewa mafuriko. Sasa unalia nini?"

"Nilikuwa na maana ya mifupa ya kuku, Ngoan."

"Ungeandika mifupa ya kuku, basi."

Alisema kweli, mchokozi yule. Tangazo nimelitoa jana. Nimeandika jingine: vyombo vioshwe, chakula kitakachooza kitolewe, mashuka yaachwe kwenye kapu, madhabahu ya mababu isiguswe, na kilichofunikwa kwa kitambaa kiachwe kimefunikwa. Mengine mwachieni mwenye nyumba, naye ana mikono. Ngoan amelisoma akasema bado lina maneno mengi.

Nikueleze kwa nini nililia, usije ukadhani nililia uchachu tu. Nyumba hii si yangu, ni ya ukoo wa mume wangu. Shemeji yangu Tuynh, kaka mkubwa wa marehemu, anaishi Hanoi na hapendi wageni walale humu. Mwaka jana alikuta vizibo vya bia chini ya madhabahu, akafoka, "Nyumba ya wazee si gesti!" Nikamwomba mwaka mmoja. Akanipa, na akasema ataamua mwaka huu siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama yao, tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya mwezi mwandamo, yaani mwishoni mwa Oktoba. Ukoo wote utakuwepo. Akisema basi, nyumba inafungwa kufuli na mimi nahamia kwa binti yangu mjini. Nampenda binti yangu, lakini nyumba yake ni ghorofa ya nne na dirisha lake linatazama ukuta.

Na Tuynh ana desturi yake. Akishamwashia mama yake uvumba anakuja jikoni moja kwa moja, anafunua kile chungu, ananusa, anachovya kidole. Ndipo anasema, "Haya, mama yupo." Huku kwetu chachu ikifa watu wanasema bahati ya nyumba imekwenda nayo. Na mguu wa nguruwe wa siku ile haupikwi bila chachu hiyo. Nimejaribu ya kununua sokoni. Ina ukali tu, haina utu. Ngoan na wenzake waliacha kufuga zamani, wote wananunua, na mimi mpumbavu sikuwahi kumgawia mtu.

Sikulaumu. Nakwambia kwa sababu umeniita shangazi. Usimwambie mzee kwamba chachu aliyoilisha kwa upendo imekufa, itamuuma bure.

Shangazi yako,
Thoan


Saigon, 6 Oktoba 2016

Shangazi Thoan,

Nimemwambia. Najua ulinikataza, lakini niliposoma barua yako nilikaa chini katikati ya mashuka ya watu nikalia, na baba akaniona.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba. Kile chungu cha Ninh Binh. Ulikuwa unafanya nini nacho?"

"Nalisha."

"Nimekimwaga, baba. Nimekisugua kwa mchanga."

Nilisubiri kofi, ujue, umri wangu huu. Akatikisa kichwa. "Mwanangu dobi," akasema, "wewe ukipewa ngazi utaufua mpaka mwezi."

Kisha akainuka, akavuta fimbo yake, akaenda jikoni kwangu. Akasogeza chupa za mchuzi wa samaki, akasogeza debe la chai, na huko nyuma kabisa akatoa kichupa cha mtindi kilichofungwa kwa kipande cha soksi yake. Shangazi! Ule uchachu niliokuwa naunusa jikoni mwezi mzima! Nilishafua mapazia mara mbili kwa ajili yake. Nilishamtukana fundi wa bomba!

Alichota kijiko kimoja kwenye chungu chako siku aliyofika. Alikisafirisha mfukoni mwa koti, njia yote mpaka Saigon, na amekuwa akikilisha wali wangu kila mchana nikiwa dukani. Nimetazama ndani. Vidudu vipo, vinatembea. Sijawahi kufurahi hivi kuona vidudu. Nilishakula mchuzi wenye chachu hii mara nyingi, na kumbe sikuwahi kuiona yenyewe ikiwa hai chunguni.

Tumemwachia robo kwenye kichupa, la sivyo angegoma kula. Iliyobaki yote ndiyo hii. Anakuletea bwana mmoja mhudumu wa garimoshi ambaye mashati yake nayafua mimi. Nimemwambia asiifunge kwa kifuniko, isilale kwenye baridi ya mashine, na asimwache mtu yeyote msafi kuikaribia. Ataipokeza stesheni ya Ninh Binh. Tafadhali, ifike salama! Kama nyumba itafungwa kwa sababu ya mikono yangu, sijui nitafua nini duniani niitoe aibu hiyo.

Baba ameandika barua yake. Hakutaka niisome, lakini alikuwa anaisoma kwa sauti akiandika.

Mwanao,
Diep


Saigon, 6 Oktoba

Bi Thoan, mdogo wangu,

Mimi ndiye Khoat, yule mzee wa kofia. Kofia imefika, ahsante. Binti yangu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ni kweli, lakini si siku zote, na leo ni siku nzuri, kwa hiyo soma haraka.

Sikukuibia. Mwizi anachukua ili mwenyewe akose, mimi nilichukua kama mtu anayeomba kaa la moto kwa jirani. Niliingia jikoni kwako kutafuta maji, harufu ikanishika hapa kifuani. Mama yangu alikuwa na chungu kama hicho, kule kwetu ng'ambo ya mto Day, kwenye rafu ileile, karibu na dirisha lilelile. Niliondoka Kaskazini kijana wa miaka kumi na sita, mama akasema nitakuwekea. Sikurudi. Sikuwahi kujua kama alinisubiri na chungu au bila chungu. Nilipofunua kitambaa chako nilisema mama nimefika, kwa sauti, na mtu akinicheka na anicheke.

Kwa hiyo kila siku nilimlisha. Ulikuwa unalisha vizuri lakini wali wako una maji kidogo, ukaushe.

Na hili la usafi. Diep amelelewa na mama yake, na mama yake alikuwa akifagia mpaka kivuli chake. Mgeni anatakiwa kuondoka kama mtu aliyekula akashiba, aoshe bakuli, ashukuru, aende. Mgeni anayefuta kila alama yake mpaka isijulikane alilala mtu, huyo ana tofauti gani na mtu aliyepita dirishani? Nimemwambia. Amesema baba kunywa dawa.

Huyo shemeji yako mwenye pua mwambie atunusie vizuri.

Je, kofia yangu iko kwako? Nadhani niliiacha kwenye kamba.

Nashukuru kwa siku zile. Nilikula kwa mama.

Khoat


Ninh Binh, 13 Oktoba 2016

Mzee Khoat, na Diep mwanangu,

Imefika. Mhudumu wenu alishuka nayo ameikumbatia kwa mikono miwili, na hakutaka kunipa mpaka nitaje jina la mzee aliyeituma na rangi ya mlango wangu. Nimempa ndizi na maneno mengi ya shukrani, akakimbilia behewa lake filimbi ikilia.

Ilikuwa imenyong'onyea. Juu ina maji, chini ina uji kidogo, usingizi mtupu. Nikaimimina kwenye chungu kilekile. Nikailisha wali, uliokaushwa, mzee, kama ulivyoagiza, na nilikaa nayo nikiiambia habari za kijiji, nani kaoa, nani kagombana na nani, maana ilikuwa haipo. Ngoan alinikuta nikiongea na rafu akauliza kama nimeshaanza kuzeeka. Leo asubuhi nimefunua kitambaa. Wanatembea! Nimeita "Ngoan!" mpaka mbwa wake akaja kabla yake.

Lakini ni kidogo. Zamani chungu kilikuwa kinajaa mpaka shingoni, sasa iko chini kabisa, na siku ya kumbukumbu inakuja mbio. Nikipika mguu wa nguruwe haitabaki ya kuonyesha. Nikibakiza ya kuonyesha, mchuzi utapwaya. Ngoan ananishauri nimdanganye Tuynh. "Sema ni joto la mwaka huu. Joto halina mtetezi." Bado sijajua nitasema nini. Namwogopa yule mzee, nawaambieni kweli.

Hata akinifungia, nimeshashukuru. Kijiko kimoja kimeenda Saigon kikarudi, na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Mzee Khoat, ulichosema si wizi sijui nikiite nini, lakini nimekuwashia uvumba kama ndugu, ingawa bado u hai. Usichukie.

Thoan


Saigon, 19 Oktoba 2016

Shangazi Thoan,

Nakuandikia upesi ili barua ifike kabla ya siku yenyewe.

Baba anauliza kila asubuhi, "Imeamka?" Namjibu imeamka. Anauliza tena baada ya chai. Hata siku anayoniita kwa jina la marehemu mama, chachu yako haisahau.

Juzi alijikojolea tena. Nilitoa shuka nikaweka jingine, kisha nikakaa naye tukanywa chai, na shuka lile likanisubiri kwenye beseni mpaka jioni. Ni jambo dogo lakini nimeona nikuambie. Kaka yangu alikuwepo. Nilidhani atasema, akaenda zake kumtafutia baba suruali.

Shangazi, mwambie shemeji ukweli. Kosa ni langu, litaje kwa jina langu, sema dobi wa Saigon. Usijibebeshe joto la mwaka huu.

Tunakushika mkono kutoka huku.

Diep


Ninh Binh, 27 Oktoba 2016

Diep mwanangu, msomee baba yako barua hii. Akisahau, msomee tena.

Walikuja wote, mikeka mitano ya watu. Tuynh aliingia mapema kabla sijaanza kupika, na koti lake la Hanoi, akamwashia mama yake uvumba, akainama, na kabla sijakausha mikono alishafika jikoni. Akafunua kitambaa. Akanusa. Akachovya kidole, akakiweka mdomoni.

"Imepungua," akasema.

Ngoan alikuwa nyuma yangu anachambua mboga, akanifinya kiunoni. Joto lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, mwanangu, limebaki kutoka tu. Nikamtazama yule mzee na kidole chake cheupe mdomoni, nikaona amesimama kama mtoto anayesubiri kuambiwa mama yuko wapi. Nikashindwa. Nikamwambia yote.

"Mgeni ameiosha?"

"Ameiosha, shemeji."

"Wachafu wakubwa hawa!"

"Hapana, shemeji. Wasafi mno."

Nikamweleza habari za baba yako, kichupa, soksi na garimoshi. Alifunika chungu, akafunga kitambaa vizuri kuliko nilivyofunga mimi, akatoka. Ngoan akasema, "Basi, kafunge mizigo." Nikapika hivyohivyo. Niliweka chachu yote kwenye mguu wa nguruwe, nikabakiza ya ukubwa wa yai, nikisema kama ni mara ya mwisho basi tule vizuri.

Watu wakala. Tuynh alikula kipande kimoja, akaweka vijiti chini, na wenzake wote mkekani wakaweka vyao, maana walijua kilichowaleta. Akauliza, "Nani anajua mama aliipata wapi chachu hii?"

Mdogo wao wa mwisho akasema, kwa mama yake.

"Nani kakudanganya? Nilikuwa na miaka minane, mimi ndiye niliyekuwepo. Mabomu ya Wamarekani yalipoanza, watu wa mjini wakatawanywa vijijini. Tukaletewa mama mmoja wa Hanoi na watoto wake. Walilala chumba cha mashariki, karibu mwaka. Halafu lori likaja alfajiri, upesi upesi, wakaondoka hata uji hawajanywa. Mama alipoingia chumbani alitaka kuzimia. Mkeka haujakunjwa, majivu hayajazolewa, nepi bado iko kwenye kamba! Alinuna wiki nzima. 'Watu wa mjini hawana adabu, hawana adabu.' Mpaka alipopanda kwenye rafu kutafuta chumvi. Akakuta chungu kimefunikwa kwa kitambaa, na kando yake ua la mgomba, limeshanyauka. Ndiyo ahsante yao hiyo. Hata chungu chenyewe ni chao. Hatukuwaona tena, wala hatukujua kama walifika."

Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, sikuweza hata kuliweka chini. Miaka thelathini na zaidi nimelisha kitu cha mgeni nikidhani ni cha ukoo.

Tuynh akatwaa vijiti, akachukua kipande kingine kikubwa chenye ngozi. Akasema, "Sasa nikisema wageni wasilale humu, hii niiteme?"

Ngoan ndiye aliyeanza kucheka, kule mlangoni. Kisha wote.

Nyumba haifungwi, Diep! Sihami! Amenipa masharti yake, lazima awe nayo: bia isiingie chumba cha madhabahu, na kila mwaka nimpelekee kijiko cha chachu Hanoi ajaribu kufuga, ingawa mkewe ameshasema hawezi kulala na vidudu nyumba moja. Na amesema mwaka ujao baba yako aje. Si kama mgeni wa kulipa, aje akae mkeka wa wazee, upande wake wa kulia. Nikamwambia mzee anasahau. Akasema, "Sisi tutamkumbusha."

Sasa wameondoka wote. Nimelisha chungu, nimekaa kukuandikia, na nataka nikwambie jambo nililoshindwa kuliandika ile barua ya kwanza. Siku niliyorudi kutoka Nam Dinh, kabla ya kuona chungu, kabla ya chochote, nilisimama mlangoni nikaona nyumba haina mtu wala dalili ya mtu. Ilikuwa kama asubuhi ile baada ya kumzika Huu, shemeji zangu walipomaliza kufagia. Nilikushukuru kwa usafi ule, na nilikuwa nashukuru kweli. Lakini iliniuma, mwanangu.

Mje. Na siku ya kuondoka mashuka yaacheni yamejikunja hivyohivyo, vikombe vyenu viacheni mezani na chai kidogo iliyobaki ndani. Nitaviosha mwenyewe, nikishakaa navyo kidogo.

Shangazi yako,
Thoan